Mtani Hashtakiwi

Shigela alinusa pilau kabla hajazima injini ya lori, akajua kuna jambo. Maabara ya Ng'ongo haikuwa na desturi ya pilau. Pale watu walikula ugali na maharage harakaharaka, wakanawa mikono mpaka kwenye viwiko, wakarudi kuinamia hadubini. Leo sufuria kubwa lilikuwa juu ya mafiga nyuma ya chumba cha betri, na mlinzi kaliacha geti wazi, yuko na mwiko mkononi.

"Mpagazi karudi," Nyemo akapaza sauti kutoka barazani. "Umechelewa. Matanga yako tulishamaliza. Redio nimechukua mimi, kitanda wamegombania hawa."

"Redio chukua. Kitanda changu hukiwezi, mla mlenda wewe. Utateleza uvunjike kiuno."

Watu wakacheka kwa midomo iliyojaa wali. Nyemo alikuwa Mgogo wa Bahi, Shigela Mnyamwezi wa Nzega, na utani wa makabila hayo mawili ni wa tangu enzi za misafara, babu wa huyu alipopita kwa babu wa yule na mzigo begani na kiu kooni, akaomba maji akatozwa hongo. Wakapigana; vita vikaisha, maneno yakabaki. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako na unamkaribisha chai. Anabeba kuku wako na wewe unamwongezea chumvi ya kumlia. Hawa wawili pale kazini walikuwa wameufikisha utani mahali pabaya. Mwezi uliopita Nyemo alitangaza kwamba Shigela amefariki, na mkuu wa kituo cha jirani akatuma rambirambi. Shigela alikuwa hajalipiza. Au tuseme alikuwa amelipiza, ila Nyemo alikuwa hajui bado.

"Pilau ya nini?" akauliza, anafungua mikanda ya mitungi ya naitrojeni.

Nyemo akashuka ngazi. Uso wake uling'aa kama wa bibi harusi. "Kimekubali."

"Kipi?"

"Kiinitete cha Mama Sechelela. Kimeshikana na walezi, kimepita pale wenzake wote walipofia. Dokta amelia, Shigela. Dokta Kokubanza, yule yule unayemjua."

Mkanda ukamponyoka Shigela. Mtungi ukayumba, akauwahi kwa goti.

"Walezi uliwatoa wapi?"

"Swali gani hilo? Kwenye kizibo chekundu."

*

Homa ya Ukimya ilipopita, ng'ombe hawakulia wala kupiga mateke. Walilala tu, wakawa hawaamki. Mazizi ya Ugogo yakabaki na kinyesi kikavu, baadaye hata kinyesi kikaisha, watu wakasimika paneli za jua humo humo ndani ya boma, maana mahali palikuwa wazi na miti haipo. Maziwa yakaja kwa mabomba kutoka kiwandani. Watoto walikua wakijua ng'ombe ni picha iliyo kwenye pakiti.

Kilichobaki ni mitungi. Zamani, kabla ya Homa, kuna mradi uliwahi kupita vijijini ukakusanya viinitete vya ng'ombe wa kienyeji na kuvigandisha, kila ukoo na wake. Lakini viligandishwa vibaya. Ukikiyeyusha kimoja unakuta kitovu chake kizima, zile seli zitakazokuwa ndama, na ganda lake la nje limekufa. Hilo ganda ndilo linalotengeneza kondo la nyuma. Kiinitete bila ganda ni mtoto mchanga aliyewekwa jangwani. Anapumua, lakini hana wa kumshika.

Hapo ndipo zilipoingia seli shina. Huko Nzega alinusurika ng'ombe mmoja mkongwe, Kasuka, wa zizi la baba yake Shigela. Kizazi chake kilishafunga, ila seli zake ziliota kwenye kisahani kama majani ya masika. Maabara ikazifuga ziwe walezi, kushika nafasi ya ganda lililokufa. Seli shina ikiwa huru inaweza kuwa chochote: moyo, pembe, mkia. Kwa hiyo walezi walipewa dawa ya kuwafunga, wawe kondo la nyuma tu na wasiwe kingine. Ndama abaki wa mwenyewe, mlezi akae nje ya mlango. Pale kazini waliziita hivyo hivyo: wafungwa na huru. Wafungwa walikaa kwenye chupa za vizibo vyekundu, huru kwenye vizibo vya bluu. Maandishi yalikuwa yanafutwa na barafu, watu wakazoea kusoma rangi.

Na Shigela alikuwa amevibadilisha.

Utani ulivyopangwa ulikuwa mzuri kabisa. Kila chupa kabla ya kutumika hupita kwenye kipima, na kipima kikikuta huru mahali pa wafungwa kinalia kama mbuzi aliyeibwa. Nyemo angeruka mpaka darini. Shigela angekuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, anadai soda mbili za kukomboa vizibo. Basi. Kazi ilikuwa ya kesho yake. Lakini alasiri ile ile akatumwa Singida kufuata naitrojeni, lori likamfia njiani, na simu nayo ikafa.

"Kipima kilisemaje?" Shigela aliuliza sasa, sauti yake kaishusha.

Nyemo akatazama huku na huku. "Umeme ulikatika. Kiinitete kilishaanza kuyeyuka na betri zinatosha makabati ya joto tu. Ningefanya nini, nikiangalie kinakufa? Nilisoma kizibo. Usiniulize tena hapa."

Dokta Kokubanza, mkuu wa maabara, akapiga kijiko kwenye sahani. Alikuwa mwanamke mrefu wa Bukoba, haongei sana, na alipoongea watu waliacha kutafuna.

"Nawashukuru. Tumepoteza viinitete vingi mno hapa. Sasa njia tumeipata. Kesho Mama Sechelela anakuja kukiona chake kikiwekwa tumboni. Jumatatu tunaufungua mtungi wote uliobaki, tunafanya alivyofanya Nyemo, hatua kwa hatua. Koo zote. Wamengoja vya kutosha."

Watu wakapiga makofi. Shigela alipewa sahani, akaishika mpaka ikapoa.

*

Alimvuta Nyemo nyuma ya tangi la maji.

"Nilibadilisha vizibo."

Nyemo akacheka, akampiga kiganja. "Hiyo nzuri. Hiyo umenipata kidogo."

"Nyemo. Nilibadilisha vizibo."

"Ukirudia utani unachacha."

"Siku niliyoondoka, asubuhi. Nilitaka kipima kilie."

Akaendelea kutabasamu, kisha tabasamu likabaki peke yake usoni, mwenyewe keshaondoka. "Apa kwa mama yako."

"Haki ya mama."

Wakaenda chumba cha ndani. Seli za Kasuka zilikuwa zimetiwa alama: ukizipiga mwanga wa bluu zinawaka kijani. Mwanga wenyewe unachoma, hautumiki kwa kiinitete kinachongojwa tumboni, kwa hiyo hakuna aliyekuwa amekiangalia hivyo. Nyemo akaweka kisahani chini ya hadubini, akazima taa, akabonyeza, akahesabu pumzi mbili, akaachia.

Ilitosha. Ingekuwa kazi ya wafungwa, wangeona pete ya kijani na katikati giza. Waliona kijani kila mahali. Pete ilikuwepo, na ndani yake vimulimuli vimetapakaa, vimechanganyika na giza kama mtama na mchanga. Na pale ambapo moyo ungekuja kupiga palikuwa pamejaa kijani kitupu.

Nyemo alikaa chini sakafuni, kanga ya kazini kaikusanya magotini.

"Mtani hashtakiwi," akasema.

"Nini?"

"Nimesema mtani hashtakiwi. Umebeba kuku, umebeba mbuzi, kesi haipo. Mimi sijakasirika. Mama Sechelela naye Mgogo, ni mtani wako vile vile. Hata akijua hana pa kukupeleka." Alikuwa anaongea haraka, kama anayemshawishi mtu mwingine kabisa. "Na mimi niliruka kipima, halafu nikaandika nimepitisha. Ukisema wewe, tunaondoka wawili. Kinyamazie, Shigela. Ndama atazaliwa. Tangu tumefika hapa umeona nini kingine kimezaliwa?"

Shigela alitamani kukubali. Tuseme ukweli, kwa muda mfupi alikubali. Aliliona zizi la Bahi, ndama kasimama kwa miguu inayotetemeka, mama wa watu anapiga vigelegele. Nani angeumia?

"Jumatatu," akasema.

"Jumatatu nini?"

"Watafanya ulivyofanya wewe, kwa wafungwa wa kweli. Vizibo nitavirudisha, au kipima kitalia na watavirudisha wao. Wafungwa wameshawahi kuokoa kimoja?"

Nyemo akatikisa kichwa.

"Kimeokoka kimoja tu hapa, na kilichokiokoa ni huru. Jumatatu wanayeyusha mtungi wa watu wote, vinakufa vyote. Na ukishayeyusha hurudishi barafuni."

"Basi tusivirudishe." Nyemo akamtazama machoni kwa mara ya kwanza. "Tuache vilivyo. Kipima mimi nitakiua kengele. Vitaokoka vyote."

Feni ya kabati la joto ilikuwa inavuma.

"Halafu Ugogo mzima," Shigela akasema taratibu, "unakuwa zizi la baba yangu."

Siku nyingine hilo lingekuwa la kuwachekesha wiki nzima. Leo hakuna aliyecheka.

*

Mama Sechelela alifika asubuhi na pikipiki ya umeme aliyoitengeneza mwenyewe. Alikuwa na karakana Bahi mjini, na mikono yake ilinuka grisi hata siku ya sherehe. Alikuwa amevaa kitenge kipya. Kwanza alikwenda bandani kumwona jike la kubeba, ng'ombe wa kigeni mweupe mweusi aliyeagizwa kutoka nje, akamzunguka, akamshika kwato. Ndipo akaja ukumbini walikokuwa wamewasha skrini.

"Mbukwa, mama," Shigela akamwamkia kwa Kigogo.

"Mbukwa, mpagazi wangu. Leo umebeba nini kichwani? Naona shingo imeingia tumboni."

Mama akamwangalia kidogo, akageukia skrini. Pale palionekana kitu cha duara, chenye mikunjo kama zabibu kavu.

"Ndiyo huyu?"

"Ndiye," alisema Dokta Kokubanza.

Mama Sechelela akavua ndala. Watu hawakujua kwa nini, naye hakueleza. "Mama yangu alipoolewa," akasema, akiiambia skrini, "kwao walipelekewa ng'ombe wakati wa mvua, wakamwita Mvula. Babu akamrudishia mama ndama wake wa kwanza, awe wa mama mwenyewe. Huyo ni Lulenga. Lulenga akamzaa Mwendapole. Mwendapole ndiye aliyetusomesha sisi wote, kwa maziwa tu. Tulipogawana mali, kaka zangu walichukua mashamba, mimi nikasema nipeni ukoo wa Lulenga. Wakanicheka, maana ilikuwa mwaka wa Homa. Wakanipa." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Nilirithi makaburi. Sasa tuone nani anacheka."

Shigela alikuwa amepanga amwone Dokta kwanza, faragha, kama mtu mzima. Lakini alihisi akimwacha huyu mama aongeze neno moja zaidi, hatalimudu tena.

"Mama, huyo si wa kwenu peke yenu."

Akasema yote. Vizibo, kipima, soda mbili. Aliposema habari ya kipima alisema umeme ulikatika, akaishia hapo. Nyemo akasogea mbele, akamalizia mwenyewe: "Na mimi niliandika nimepima, na sikupima."

Dokta Kokubanza alitafuta pa kukaa, akaona ndoo imefudikizwa, akaikalia. Hakufoka. "Mwanga mlipiga?"

"Tulipiga."

"Moyo?"

"Wa Kasuka."

Akafumba macho. Sheria ilikuwa fupi, na kila mtu pale aliijua kwa kichwa, iliandikwa baada ya matapeli kuwauzia watu ndama wa mchanganyiko kwa jina la ukoo wao: kiinitete chenye mwili wa wanyama wawili hakiingii tumboni. Hakuna mahali pa kuombea ruhusa.

Mama Sechelela alikuwa bado amesimama bila ndala. "Nielezeni pole pole. Sehemu ipi ni yangu?"

"Hatujui, mama," Shigela akasema. "Zimechanganyika. Ngozi labda mabaka. Kizazi ndicho hatujui kabisa. Kama mayai yake yatatoka upande wenu, watoto wake watakuwa wa Lulenga. Yakitoka upande wa pili, watakuwa wa Kasuka."

"Na hilo linajulikana lini?"

"Akizaa. Wakipimwa ndama wake."

"Yaani nimlee, nimwite Mwendapole mdogo, nimwimbie, halafu akizaa ndio nijue kama nimekuwa nafuga ng'ombe wa baba yako."

"Ndiyo."

"Mimi nakubali." Akamgeukia Dokta. "Umesikia? Mwenye mali nimekubali. Hiyo sheria iliandikwa na watu wenye ng'ombe au na watu wenye kalamu? Kiwekeni."

"Mama Sechelela, siwezi."

"Jana ungeweza."

"Jana sikujua."

"Basi huyu ndiye mbaya wangu." Alimnyooshea Shigela kidole. "Utani nilikuwa nakusamehe. Umefunga chupa, umefungua chupa, mambo ya watoto. Hili la kusema ndilo sikusamehi. Ungefunga mdomo wako huo, mimi leo ninge..."

"Ningenyamaza, mama," Shigela akasema, "Jumatatu wangeyeyusha vya wenzako wote kwa njia ile ambayo haifanyi kazi. Vingekufa. Vya kina Chibago, vya wale wajane wa Kigwe, vyote. Kila mmoja anacho kimoja au viwili, kama wewe."

"Na mimi nani aliniomba nibebe ng'ombe za watu?"

Alitoka pekupeku akaenda bandani. Kupitia dirishani walimwona ameweka mkono mgongoni kwa yule jike mgeni, ameinamisha kichwa, wamesimama hivyo wote wawili wakipigwa na jua. Nyemo alitaka kumfuata, Dokta akamzuia kwa mkono.

Aliporudi, macho yake yalikuwa makavu.

"Mnafanyaje na vilivyokataliwa?"

"Kuna tanuru," alisema Dokta.

"Hapana. Haunguzwi kama mabandeji. Nampeleka nyumbani." Akavaa ndala zake, moja baada ya nyingine. "Na sisi kwetu wafiwa hawachimbi. Wafiwa wanakaa chini wanalia. Anayechimba ni mtani, anayeingia kaburini kupokea ni mtani, na anayewafanya watu wanyanyuke warudi makwao ni mtani." Akamtazama Shigela. "Tafuta jembe."

*

Dokta alifunga mtungi mkubwa kwa kufuli mbili, akaandika juu yake kwa rangi ya mafuta: USIFUNGULIWE. Kisha akafungua kabati la joto, akatoa kisahani, akakifunika, akakiweka mikononi mwa Shigela mwenyewe. Hakusema chochote kuhusu kazi yake. Haikuwa lazima.

Walikwenda na lori. Nyemo aliendesha, Mama Sechelela akakaa dirishani, Shigela katikati na kisahani mapajani. Ndani yake maji ya waridi na, kama una macho makali, punje moja ndogo kuliko ulezi. Kilikuwa hai. Hilo ndilo alilokuwa hakulifikiria alipokuwa akitafuta jembe. Kabatini kilikuwa na joto la tumbo la ng'ombe na hewa iliyopimwa. Humu kilikuwa na viganja vyake tu. Akavikunja kukizunguka. Aliona ujinga, lakini akavikunja, na kila lori lilipoingia shimoni alikiinua kama mtu anayebeba uji wa moto.

Hakuna aliyewasha redio. Walipita Kintinku. Walipita mashamba ya mpunga na mistari mirefu ya paneli zinazogeuka polepole kulifuata jua. Viganja vya Shigela vilianza kufa ganzi. Mahali fulani katika barabara ile kile kitu kilikoma kuwa hai, na kati ya wataalamu wawili na mwenye mali mmoja hakuna ambaye angeweza kusema ni wapi. Labda Kintinku. Labda mbele ya pale. Mama Sechelela aliuliza mara moja tu, bila kugeuka: "Bado?" Shigela akasema, "Sijui, mama." Hakuuliza tena.

Bahi walikuta watu. Habari ya msiba haiulizi ukubwa wa maiti. Kaka zake Mama Sechelela walikuwa wamekaa kwenye mkeka, wazee wazima wawili walioshika tama, na majirani, na wanawake wa karakana na vitambaa vyao vya grisi kiunoni. Lile lililokuwa zizi la Lulenga lilikuwa limejaa nguzo za paneli. Zilitoa mlio mwembamba zikigeuka. Mama akaonyesha mahali kati ya nguzo mbili. "Hapo ndipo Mwendapole alipolala."

Shigela akachimba. Ardhi ya Ugogo ilimkatalia mwanzo, ikakubali baadaye. Shimo lilikuwa la kufika kiwikoni, hakuweza kuingia ndani kama desturi inavyotaka, kwa hiyo alilala kifudifudi vumbini, akanyoosha mkono, akapokea kisahani kutoka mkononi mwa Nyemo, akakilaza chini. Akainuka. Kifua chake chote kilikuwa chekundu kwa udongo.

Watu wakangoja.

Alijua wanangoja nini. Mtani ndiye anayeufunga msiba. Lazima agome, atukane, adai malipo, wafiwa wamjibu, mtu acheke bila kutaka, na kicheko hicho ndicho ruhusa ya kuendelea kuishi. Bila hivyo watu hawanyanyuki. Shigela alikuwa amefanya hivyo kwenye misiba ya Wagogo tangu ujanani, na wakubwa wenye akili zao waliwahi kuanguka mkekani kwa kicheko chake. Sasa alifungua mdomo akaukuta mkavu. Nyemo alimtazama, akamwashiria kwa kichwa: sema.

"Sifukii," Shigela akasema.

Kaka mkubwa akajisogeza. Afadhali, ilikuwa imeanza.

"Sifukii mpaka nilipwe. Nimechimba mwamba huu peke yangu, jua liko utosini, hata maji hamjanipa. Lakini Mgogo na maji nani asiyewajua. Babu yangu mlimtoza pembe nzima ya ndovu kwa kibuyu kimoja cha maji. Lipeni, ama nabeba jembe langu naondoka, mkae na shimo lenu."

Mtu mmoja nyuma akaguna, guno lililokuwa jirani na kicheko. Wanawake wa karakana wakatazamana. Macho yakaenda kwa Mama Sechelela, maana zamu ya kujibu ilikuwa yake. Paneli zikalia, zikatulia.

"Nikulipe nini," akasema, "na wewe ulishachukua?"

Lile guno likafa. Kwa desturi Shigela alipaswa kurudisha, jibu kubwa kuliko lile, la kuwainua watu. Alitafuta. Alitafuta kwa kweli, kama mtu anayepapasa mifuko yake mbele ya kondakta. Hakukuwa na kitu.

"Fukia," Mama Sechelela akamwambia, sauti ya chini, si ya ukali wala ya upole. Alijivuta pembeni kwenye mkeka, akapiga mahali palipobaki wazi kwa kiganja. "Halafu uje ukae hapa."

"Mama, hapo ni pa wafiwa."

"Nusu ilikuwa ya kwenu. Moyo ulikuwa wa kwenu. Kaa."

Akafukia kwa mikono, udongo ukajaa upesi, shimo lilikuwa dogo. Akaushindilia kwa kiganja. Kisha akaja mkekani akakaa kati ya Mama Sechelela na kaka yake, akakunja miguu, akainamisha kichwa kama wao. Mfiwa hatanii. Watu wakaendelea kungoja mtu wa kuwanyanyua, na pale uani hapakuwa na mtani hata mmoja.